Wageni Waliolipwa Ili Wafungwe



Juma hili nataka tuzungumze habari ya mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi wala hatuufuati, yaani ule mpira wa Wamarekani wa kofia ngumu na mabega ya kubandika. Wenyewe wanauita futiboli, ingawa mguu hauugusi mpira ila mara chache. Tafadhali usizime redio. Habari ninayotaka kuisema ni ya mnyonge aliyeitwa nyumbani kwa tajiri, akalipwa ujira ili apigwe mbele ya watu, naye akakataa kupigwa.

Kwanza yafaa kujua kwamba huko Marekani timu za vyuo vikuu si mchezo wa wanafunzi wa kupunga upepo jioni. Chuo cha Texas A&M kina uwanja unaochukua watu zaidi ya laki moja. Chuo cha Nebraska kimekuwa kikiuza tiketi zote za kila mchezo wa nyumbani tangu mwaka 1962. Vyuo hivyo vimejipanga katika makundi yanayoitwa konferensi, nasi tunaweza kuyaita ligi. Ziko ligi kubwa, zenye mikataba minono ya televisheni. Mojawapo, iitwayo SEC, iligawia kila chuo chake karibu dola milioni 50 kwa mwaka wa fedha wa 2021–22. Halafu ziko ligi ndogo, ambazo huokota makombo.

Mojawapo ya hizo ndogo ni Sun Belt, maana yake Ukanda wa Jua. Ilianza kucheza futiboli mwaka 2001, na mwanzo wake ulikuwa wa kuchekesha. Bingwa wake wa kwanza, chuo cha North Texas, alishinda michezo mitano tu na kufungwa sita, na hata hivyo akapelekwa kucheza mchezo wa heshima wa mwisho wa msimu kule New Orleans. Bingwa aliyefungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda! Si ajabu kwamba kwa miaka mingi ligi hiyo ilitajwa kwa dhihaka.

Sasa tuje kwenye ule mwezi wa Septemba. Ligi kubwa na ndogo hukutana hasa mwanzoni mwa msimu, kabla kila mmoja hajarudi kucheza na majirani zake. Chuo kikubwa kinataka michezo mingi ya nyumbani, kwa kuwa kila mchezo wa nyumbani ni tiketi, ni chakula, ni maegesho ya magari, ni mji mzima kujaa wageni. Lakini hakitaki kulipa ziara kwa kwenda kucheza katika uwanja mdogo wa mlimani. Basi kinafanya nini? Kinamnunua mgeni. Kinamwandikia hundi, mgeni anakuja mara moja, anafungwa mabao tele, anarudi kwao na fedha za kuendeshea idara yake ya michezo. Mambo haya hayafichwi. Mikataba huandikwa na bei hutangazwa magazetini. Nimesikia watu wakiwaita vijana hao kondoo wa sadaka, na sioni kama wametia chumvi.

Tarehe 10 Septemba, 2022, siku ya Jumamosi, wageni watatu wa Sun Belt waliingia katika nyumba tatu kubwa. Appalachian State, kutoka mji mdogo wa Boone katika milima ya North Carolina, walikwenda Texas A&M kwa dola milioni 1.5. Marshall, kutoka Huntington huko West Virginia, walikwenda Notre Dame kwa dola milioni 1.25. Georgia Southern walikwenda Nebraska kwa dola milioni 1.423. Jumla, wenyeji wale watatu walitoa zaidi ya dola milioni 4 kununua ushindi mwepesi.

Wote watatu walifungwa. Nasema wenyeji.

Texas A&M walikuwa nafasi ya 6 katika orodha ya nchi nzima; walilala 17 kwa 14. Notre Dame walikuwa nafasi ya 8. Walilala 26 kwa 21. Nebraska hawakuwa katika orodha siku ile, lakini jina lao ni jina, nao walilala 45 kwa 42, bao la ushindi likipatikana zikiwa zimebaki sekunde 36.

Katika michezo hiyo mitatu, mimi naupenda zaidi ule wa Texas, kwa kuwa ndani yake hakuna bahati ya kusingizia. Mchezo wa futiboli ni dakika 60. Vijana wa Boone waliushika mpira kwa zaidi ya dakika 41. Walicheza mikupuo 82. Wenyeji 38 tu. Maana yake ni kwamba hao matajiri, waliosajili vijana walioimbwa nchi nzima, walikaa pembeni wakitazama kama watu waliokuja na tiketi. Mgeni alikuwa anasogea yadi tatu, yadi nne, anapumzika, anasogea tena. Hakuwa na haraka. Mwishoni wenyeji walipata nafasi ya kusawazisha kwa mkwaju wa yadi 47, wakaukosa. Kocha wao, Jimbo Fisher, mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameongezewa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya karibu dola milioni 95. Alifukuzwa Novemba 2023, na chuo kikabaki na deni kwake la zaidi ya dola milioni 75. Hebu weka hizo kando ya ile milioni moja na nusu ya wageni.

Vijana wa Boone walikuwa na desturi hiyo tangu zamani. Mwaka 2007, wakiwa bado katika daraja la chini zaidi, walilipwa dola 400,000 kwenda Michigan, waliokuwa nafasi ya 5, wakawafunga 34 kwa 32 kwa kuuzuia mkwaju wa mwisho. Wenye kumbukumbu walipaswa kujihadhari. Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende.

Na Marshall, kwa wasiowajua, ni chuo kilichopoteza timu yake karibu yote katika ajali ya ndege ya tarehe 14 Novemba, 1970. Watu wote 75 waliokuwamo walikufa, wachezaji, makocha na wapenzi wa timu. Watu wa Huntington hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote namna ya kuanza upya.

Kuhusu Nebraska, yapo mambo mawili. La kwanza, kabla ya siku ile walikuwa wamecheza michezo 214 nyumbani ambamo walifikisha pointi 35 au zaidi, na hawakuwa wamepoteza hata mmoja. La pili, kesho yake walimfukuza kocha wao, Scott Frost, mwana wa nyumbani hapo. Kama wangevumilia mpaka tarehe 1 Oktoba, malipo ya kumwachisha kazi yangeshuka kutoka dola milioni 15 hadi milioni 7.5. Hawakuweza kuvumilia majuma matatu. Aibu ilikuwa ghali kuliko dola milioni saba na nusu! Na kocha wa upande wa pili, Clay Helton, naye alikuwa amefukuzwa na chuo kikubwa cha Kusini mwa California mwaka mmoja tu kabla yake. Dunia duara.

Sasa mtu ataniuliza, heshima hiyo inanunua nini sokoni? Ni swali la haki, na katika mchezo huu lina jibu la hesabu. Bingwa wa taifa hapatikani kwa timu zote kukutana, maana vyuo ni zaidi ya mia na msimu ni mfupi. Waandishi wa habari hupiga kura ya kupanga orodha kila juma, na mwishoni kamati ya watu 13 hukaa chumbani kuamua nani aingie mchujo. Wanaamua kwa kutazama nani kamfunga nani. Ligi ndogo ikishafungwa yote mwezi Septemba, basi hata bingwa wake akishinda michezo yote iliyobaki, watasema amewashinda wanyonge wenzake. Mlango hufungwa kabla ya majani ya miti kuanza kudondoka.

Na kamati hiyo ilikuwa ngumu. Tangu msimu wa 2014 mpaka 2023, nafasi zilikuwa nne kila mwaka, miaka 10, jumla nafasi 40. Ligi ndogo zote kwa pamoja zilipata nafasi moja tu, ya Cincinnati msimu wa 2021. Mwaka 2020 Sun Belt ilikuwa imefanya vilevile: Septemba 12, timu zake tatu, Louisiana, Arkansas State na Coastal Carolina, zilizifunga timu tatu za ligi kubwa ya Big 12 siku moja. Coastal Carolina walimaliza ratiba yao kwa ushindi 11 bila kufungwa. Kamati iliwaweka nafasi ya 12. Nafasi ya 12, nao hawajafungwa na mtu!

Wapo waliosema Jumamosi ile ya 2022 ilikuwa kismati, na walipata ushahidi haraka. Juma lililofuata Marshall walifungwa na Bowling Green, Georgia Southern wakafungwa na UAB, na Appalachian State waliponea chupuchupu mbele ya Troy kwa mpira mrefu wa sekunde ya mwisho, 32 kwa 28. Hata msimu ulipokwisha, vijana wa Boone walikuwa wameshinda sita na kufungwa sita. Basi, wakasema, mmeona?

Mimi naisoma hesabu hiyo kinyume. Hao Troy walioangushwa sekunde ya mwisho ndio waliokuja kuwa mabingwa wa Sun Belt, wakamaliza na ushindi 12. Yaani timu iliyotikisa Texas haikuwa hata bora kuliko zote katika ligi yake. Hilo linaonyesha ugumu wa ligi, si ulegevu wake.

Tangu msimu wa 2024 nafasi zimekuwa 12, na katika misimu ya 2024 na 2025 tano kati yake ziliwekwa kwa mabingwa wa ligi waliokuwa juu zaidi katika orodha. Kwa hiyo Septemba imezidi kuwa na thamani. Mwaka 2025 Old Dominion, pia wa Sun Belt, walikwenda kwa Virginia Tech wakawafunga 45 kwa 26, na kesho yake kocha wa wenyeji akafukuzwa. Nadhani sasa mmeizoea sehemu hiyo ya hadithi. Desemba mwaka huohuo bingwa wa Sun Belt, James Madison, aliingia mchujo wa taifa. Alifungwa na Oregon 51 kwa 34, na kelele zikaanza upya kwamba wadogo hawana haki ya kukaa mezani. Sikumbuki kelele kama hizo Desemba 2024 wakati Tennessee, mkubwa kati ya wakubwa, alipofungwa na Ohio State 42 kwa 17.

Jambo linalonisumbua ni jingine. Siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo kwa urahisi na kulipwa, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kugawa fedha kwa wanamichezo wao, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5. Mdogo akipata heshima, mkubwa anakuja na mfuko. Curt Cignetti aliifundisha James Madison kwa miaka mitano, akashinda michezo 52 na kufungwa 9 tu. Mwishoni mwa 2023 akachukuliwa na Indiana, timu iliyozoea kuburuta mkia katika ligi kubwa, naye akaondoka na wachezaji zaidi ya kumi. Msimu uliofuata Indiana wakawa katika mchujo wa taifa. Aliyemrithi James Madison, Bob Chesney, ndiye aliyeifikisha timu mchujoni mwaka 2025, na kabla hata ya kucheza na Oregon ilikuwa imekwisha kutangazwa kwamba anahamia UCLA. Zamani mnyonge alinunuliwa kwa Jumamosi moja. Leo ananunuliwa jiko pamoja na mpishi.

Hata hivyo hundi zinaendelea kuandikwa. Msimu huanza mwishoni mwa Agosti, na ratiba za Septemba hujulikana mapema. Mwenye njia ya kuzipata azipitie, atafute mahali ambapo mgeni kutoka mji asioujua anakwenda kwa mwenye uwanja wa watu laki moja. Mimi nitakuwa upande wa mgeni.

Hadi juma lijalo, kwaherini.