Kesi Inayoshtaki Mali

Mmeniuliza wakili wa Shirika la Kurejesha Mali (ARA) hufanya nini mahakamani ilhali hakuna mtu aliyefungwa. Kesi yake ni juu ya mali yenyewe. Kwa sheria ya mwaka 2009 ya kukabiliana na utakatishaji wa pesa, huomba kwanza Mahakama Kuu izuie shamba, gari au akaunti visiguswe. Amri hiyo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na hudumu siku 90. Kabla haijaisha, huomba mali itwaliwe. Halazimiki kuthibitisha pasipo shaka kama katika kesi ya jinai. Hata mwenyewe akiachiliwa huru, mali yaweza kwenda.

Anayeumia hapo ni mnunuzi wa kawaida. Ulinunua gari kwa bei ya haki bila kujua lilikotoka? Sheria inakulinda, lakini ni wewe wa kupeleka ushahidi. “Nilimlipa mkononi” ni maneno magumu kuthibitisha (mimi hata pikipiki sinunui hivyo). Lipa kupitia benki, weka risiti, na kama ni shamba, kwanza ulichunguze katika ofisi ya ardhi. Ukipata ilani, mtafute wakili siku hiyo hiyo.