Gobore ndani ya nyumba: linamlinda nani?

(Haya ni mazungumzo ya mkulima mmoja wa ufuta na korosho mbele ya vijana wa Chunyu, upande wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Ametuomba tusiandike jina lake. Ukisoma utaona kwa nini.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya silaha za kujilinda. Naona wengine mnacheka, mnasema afya na bunduki wapi na wapi. Subirini kidogo.

Maneno ya vijiweni nayajua. Mnasema: "Kituo cha polisi kiko mbali. Akija tembo usiku tumwite nani? Akija mwizi wa korosho tumfanyeje? Bora kila kaya iwe na gobore lake." Sikubezi maneno hayo, maana niliwahi kuyasema mimi mwenyewe.

HOFU YETU NI YA KWELI

Kati ya mwaka 1990 na 2004, simba waliua zaidi ya watu 560 katika Tanzania na kujeruhi wengine zaidi ya 300. Mkoa wetu wa Lindi ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Wengi walishambuliwa msimu wa mavuno. Nguruwe pori anafuata mahindi na mihogo, simba anamfuata nguruwe, na mwenye shamba amelala kwenye dungu katikati yao. Siku hizi tembo nao wanatumalizia mashamba. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tunaogopa kivuli.

Swali langu ni moja tu: hilo gobore linamlinda nani?

USIKU ULE SHAMBANI

Gobore letu lilikuwa la mjomba. Halikuwa na kibali. Lilitengenezwa na fundi wa kienyeji, na mjomba alipozeeka akanikabidhi. Nilijiona mwanaume kamili. Nilikuwa na miaka 19.

Usiku mmoja niko kwenye dungu, mahindi yamekomaa, nimekunywa kidogo ili nisisikie baridi. Nikasikia mabua yanavunjika. Nikajua nguruwe huyo. Sikuita, wala sikuwasha tochi, maana nilitaka nyama. Nikapiga.

Aliyelia hakuwa nguruwe. Alikuwa mdogo wangu, mama amemtuma aniletee ugali.

Gololi zilimwingia pajani na kwenye goti. Sasa sikilizeni kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Sikumpeleka hospitali. Niliogopa kuulizwa PF3, niliogopa polisi, niliogopa jela. Tukamfunga kitambaa, tukaweka majani na majivu, tukamficha ndani siku mbili. Siku ya tatu mguu umevimba na mwili unachemka, ndipo mama akasema, "Nifungwe mimi, lakini mwanangu haozi humu ndani." Wakambeba.

Aliokolewa, lakini goti halikunjiki mpaka leo. Alikuwa winga mzuri wa mpira. Kila siku ananiamkia, na kila siku namwona anavyotembea.

Tulikaa na gobore lile miaka mingi. Mwizi hakupigwa nalo hata mmoja, simba hakupigwa nalo. Aliyepigwa nalo ni mtoto wa nyumba ile ile.

WENZETU WAMEONA NINI?

Mtasema hiyo ni bahati yangu mbaya. Haya, twendeni Marekani, ambako mwaka 2008 Mahakama Kuu ya nchi ilitamka kwamba raia ana haki ya kuwa na bunduki nyumbani kwa kujilinda. Huko nyuma, madaktari wa Seattle walihesabu vifo vya bunduki vilivyotokea katika nyumba zilizokuwa na silaha hiyo, kuanzia 1978 hadi 1983. Walikuta vifo 398. Waliouawa kwa sababu mwenye nyumba alikuwa akijilinda walikuwa 9 tu. Waliojiua wenyewe walikuwa 333. Waliobaki, wengi wao waliuawa katika ugomvi au kwa ajali.

Wanaotetea bunduki walijibu: "Hamkuhesabu wezi waliokimbia walipoiona." Ni jibu la haki, sikatai. Lakini hasira, pombe, huzuni na utoto haviko nje ya mlango. Viko ndani, tunalala navyo. Mtu mwenye mawazo mazito leo anaweza kupata nafuu kesho, kama usiku wa leo hakuwa na bunduki karibu. Ukimwona mwenzako yuko hivyo, usimwache peke yake. Kaa naye, mpeleke kwenye kituo cha afya, na kama kuna silaha nyumbani iondolewe.

Sasa tugeuke upande wa pili. Uganda, katika Karamoja, serikali ilianza kukusanya bunduki mwishoni mwa mwaka 2001. Waliotangulia kusalimisha wakavamiwa na majirani ambao bado walikuwa na zao, ng'ombe wakachukuliwa. Kwa hiyo nasema wazi: ukimwambia mtu aweke silaha chini, mwonyeshe na ulinzi utatoka wapi. Hilo ni deni la serikali, na ni deni letu pia kijijini.

TUJILINDE VIPI BASI?

Kwanza, asilale mtu peke yake shambani. Madungu yawe karibu karibu, watu wawili wawili, na tochi na debe la kupiga. Mtu akija, aite kabla hajafika. Tungefanya hivyo, mdogo wangu angekuwa anacheza mpira.

Pili, jueni mwezi. Watafiti waliochunguza mashambulizi ya simba huku kusini mashariki kati ya 1988 na 2009 waligundua kwamba hatari huzidi siku zile kumi baada ya mwezi mpevu. Wakati huo mwezi unachelewa kutoka, jioni kuna giza, na simba ana njaa kwa sababu katika mbalamwezi mawindo yalimwona. Siku hizo wahini kurudi nyumbani.

Tatu, tembo. Gobore mara nyingi linamjeruhi tembo tu, na tembo aliyejeruhiwa ni balaa kwa kijiji kizima. Wenzetu wanazungushia shamba kamba na vitambaa vilivyolowekwa kwenye pilipili na oili chafu. Wengine wanatundika mizinga ya nyuki. Kaskazini mwa nchi yetu kuna vikundi vinavyoanza na tochi kali, halafu honi, na tembo akikaidi anarushiwa kondomu iliyojazwa unga wa pilipili, mchanga na fataki. Ndiyo, kondomu! Mmecheka sana, lakini tembo anapiga chafya anaondoka, na hakuna aliyekufa. Ila fataki nazo zinaunguza, kwa hiyo kazi hiyo ni ya kikundi kilichofundishwa, si ya kujaribu kila mtu kwake.

Nne, ripotini. Tangu mwaka 2011 kuna kanuni za kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Fedha hizo hazilingani na hasara, najua, lakini asiyeripoti hapati hata hicho kidogo.

SHERIA INASEMAJE?

Kwetu silaha ni kibali, si haki ya kila mtu. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi inamtaka mwenye bunduki awe na leseni, na anayetengeneza gobore kienyeji anavunja sheria. Anayehitaji kweli aombe, maombi yapite kwenye uongozi wa eneo lake na polisi. Mwenye kibali aifungie silaha pasipofikika na mtoto, risasi ziwe mahali pengine, na asiiguse akiwa amekunywa.

Aliye na gobore la kurithi, serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Kikitangazwa, usikiache kipite. Mimi la mjomba nililisalimisha. Nilitetemeka njia nzima, nikarudi mwepesi.

MTU AKIPIGWA RISASI

Bana jeraha kwa kitambaa safi, kaza, usiachie. Usitie majivu, udongo wala tumbaku. Usichokoe kutoa gololi. Mlaze, mfunike, mkimbize hospitali saa ile ile, akapate na sindano ya pepopunda. Usikae nyumbani kwa kuogopa PF3. Maswali ya polisi yanajibika. Mguu uliooza haujibiki.

Kijana mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: "Kaka, mdogo wako alikusamehe?" Nilimuuliza hivyo mwenyewe mwaka jana tukipalilia. Akasema, "Nilikusamehe siku ile ile. Ila kwa nini hukuita?"

Basi na ninyi, kabla ya yote, iteni.