Baiskeli ya Kwanza: Tusidanganywe na Rangi



Mnatuuliza: mtu asiyezoea, anayetaka tu kutembea na baiskeli Jumapili jioni, anunue ipi? Sisi tulishakosea. Kwa pesa za chama tulinunua ya mtumba, inang'aa, gia kibao. Wiki ya tatu fremu ilikatika kwenye mteremko, mwenzetu akavunjika mkono. Chini ya ile rangi mpya palikuwa pamechomelewa.

Black Mamba ni nzito, haina gia, mlimani utaisukuma. Lakini ni imara, na fundi yeyote anaijua. Ya mtumba yenye gia hupanda vizuri, ila muulize fundi wako kwanza kama spea zake zinapatikana.

Kabla ya kulipa, ikalie: miguu ifike chini. Inua gurudumu ulizungushe. Likiyumba, rimu imepinda. Shika breki, sukuma; ikitembea, breki hazifai. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, polepole.

Tena usimalize pesa zote. Bakisha za matengenezo. Baiskeli rahisi ni ile inayokurudisha nyumbani mzima.