Mlango wa Mto Ukifungwa, Nani Atalipa?

(Hotuba ya Kamati ya Uvuvi katika Mkutano Mkuu wa Ushirika. Tumeiandika hapa ukutani kwa ajili ya wenzetu waliokuwa ziwani siku ile. Asiyesoma asomewe.)



Kamati imepewa kazi ya kueleza mapendekezo ya sheria ndogo za uvuvi kabla hayajapigiwa kura. Tutasema wazi, maana maneno yamekuwa mengi huko kilabuni na mwaloni, na mengine hayamo kabisa katika karatasi tuliyonayo. Kuna anayesema ziwa linafungwa lote. Si kweli. Kuna anayesema dagaa wamo. Dagaa hawamo. Dagaa huzaa upesi na kuishi muda mfupi, habari yao ni nyingine na siku yake itafika.

Yaliyomo ni matatu. La kwanza, mlango wa mto na matete yote ya ghuba yetu yasitegwe nyavu miezi ya Machi, Aprili na Mei, na tena mwezi wa Novemba. La pili, ukikamatwa wavu wenye macho chini ya kipimo cha sheria, au kokoro, au timba ile ya uzi wa plastiki, atakayeshtakiwa awe mwenye wavu, siyo tu kijana aliyekutwa ameushika. La tatu, mnunuzi atakayepokea sangara wa chini ya sentimita 50 katika mwalo wetu naye apigwe faini sawa na aliyemvua.

Haya si sheria bado. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, lakini lazima wanakijiji waulizwe, Halmashauri ya Kijiji ipitishe, na Halmashauri ya Wilaya iidhinishe. Sisi Ushirika tunatoa maoni tu. Ila tusijidanganye: mitumbwi mingi ya mwalo huu ni ya wanachama. Tukikubali sisi jambo limekwenda, tukikataa limekwama.

Sasa basi, samaki wamepungua. Hapo hatuhitaji mtaalamu wa kutuambia. Mtu anatega jioni, anavuta alfajiri, anapata mboga ya watoto wake na deni la petroli liko pale pale. Akiona hivyo anaongeza nyavu. Akiona bado, anapunguza macho. Hilo la kupunguza macho ndilo tunalotaka kulizungumza kwa kirefu, kwa sababu ziwa hili limekwisha kulipitia mara moja, na waliokuwepo walituachia habari yake.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1905 nyavu za kutega za kizungu zikaingia katika ghuba ya kule, na samaki aliyekuwa akitafutwa alikuwa ngege. Ngege siyo sato huyu tunayemjua. Sato aliletwa baadaye, katika miaka ya 1950. Ngege alikuwa mwenyeji, na nyama yake wazee wanaisifu hadi leo, pengine kwa sababu hawaipati tena. Treni ikawa inachukua samaki kupeleka Nairobi, nyavu zikaongezeka, na haikupita miaka mingi watu wakaanza kulalamika kwamba ngege wanakwisha. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu mmoja, Michael Graham, alizunguka ziwa akipima. Akasema mambo mawili: wavu usiwe na macho chini ya inchi 5, na ziwa zima liwe na msimamizi mmoja, maana samaki hajui mpaka wa nchi.

Sheria ya inchi 5 ikawekwa. Lakini ilikuwa ngumu kuisimamia, na wavuvi walikuwa na hoja yao, hoja ile ile tunayoisikia leo mwaloni: wavu mkubwa haushiki kitu. Basi katika miaka ya 1950 sheria ikaondolewa huku kwetu na Uganda, na Kenya nayo ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mvuvi aliyetoka inchi 5 akaenda 4 na nusu, akapata samaki wengi msimu mmoja, miwili. Wote wakamfuata. Samaki wakapungua tena, watu wakashuka tena. Ngege akawa anavuliwa kabla hajazaa hata mara moja. Sangara naye akaja akammalizia, lakini tusimsingizie sangara yote: aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na hakushamiri mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ngege alikwisha kuanguka zamani. Leo ukimtaka ngege humpati ziwani. Yuko katika vijiziwa vya pembeni na mabwawa.

Mwingine ni ningu. Wazee wanajua tabia yake: mvua za masika zikianza, mto ukipanda na maji kuwa mekundu, ningu anaacha ziwa anapanda mto kwenda kuzaa. Anakwenda kwa makundi, tumbo limejaa mayai. Alikuwa samaki mkubwa wa biashara katika mito ya ziwa hili, Kagera na Nzoia na mingine. Watu walifanya nini? Walitega nyavu mdomoni mwa mto, mahali pale pale na majira yale yale. Ni uvuvi rahisi kuliko wote, samaki anakuja mwenyewe. Katika miaka ya 1950 ningu akaanguka, na mpaka leo hajainuka kuwa yule wa zamani.

Ndiyo maana pendekezo la kwanza linataja mlango wa mto na linataja miezi ya mvua. Haikuokotwa tu. Na matete yametajwa kwa sababu ya sato. Kila kijana wa mtumbwini amewahi kumshika sato jike na kuona mayai au watoto wanamtoka mdomoni. Sato dume huchimba shimo katika mchanga wa maji mafupi, jike hutaga hapo, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na watoto wakijitegemea hujificha kwenye matete. Mayai yake si mengi kama ya sangara anayetaga kwa mamilioni. Kwa hiyo ukimvua jike mwenye mayai umechukua mama na uzao wake kwa mara moja. Na kokoro likipita juu ya yale mashimo, linafukia kila kitu, hata kama halikupata samaki siku ile.

Tusiseme zaidi ya ukweli. Kufunga ghuba kutamsaidia sato kuliko kutakavyomsaidia sangara. Sato hukaa karibu na pwani, sangara huzurura ziwa lote, na ziwa hili ni kilomita za mraba 68,800 hivi. Kwa sangara dawa ni lile pendekezo la tatu, la mnunuzi.

Mambo yaliyosemwa mkutanoni tumeyasikia. Mzee mmoja alisema samaki hawajapungua, wamehamia kina kirefu. Kuna ukweli kidogo ndani yake, maana samaki huhama, lakini wataalamu wanaonyesha kwamba majira mengine maji ya chini kabisa hukosa hewa na samaki hawezi kukaa huko. Kwa hiyo si kweli kwamba kuna ghala la samaki limefichwa chini. Kijana mmoja alisema sisi tukifunga, wa kijiji cha ng'ambo wataingia kuvua. Hilo ni kweli kabisa na hatuna jibu la mkato. Halmashauri ya Wilaya ikiidhinisha, sheria itamhusu kila atakayeingia ghuba hii, na vikundi vya BMU vya mialo miwili vitapaswa kukaa pamoja. Lakini tukisubiri mpaka wa ng'ambo waanze, nao wanatusubiri sisi, bwana.

Kubwa ambalo Kamati imelikalia usiku mzima ni hili la nani atalipa. Angalieni wenyewe. Mwenye mashine hategi mlangoni mwa mto, anakwenda mbali. Ukifunga mlango wa mto miezi minne, yeye hana hasara. Anayetega pale ni mwenye mtumbwi wa kasia, na mjane anayenunua samaki wachache kwake na kuwakaanga barabarani. Tena wengi wa hawa wa kasia ndio wenye deni la nyavu katika daftari la Ushirika. Ina maana tunamwambia mnyonge: usivue, na deni ulipe. Sheria ya namna hiyo itavunjwa usiku wa kwanza, na atakayeivunja atakuwa na sababu.

Kwa hiyo Kamati inasema hivi. Kwanza, marejesho ya deni la nyavu yasimame miezi hiyo minne kwa kila mwanachama wa kasia, bila nyongeza. Pili, uanzishwe mfuko wa msimu, na kila boti yenye mashine ichangie kiasi kitakachoamuliwa na mkutano, maana sato wakiongezeka, na wao watawavua. Tatu, kazi za malipo za mwalo miezi hiyo, kama kutengeneza vichanja na kufyeka njia, wapewe kwanza hao waliofungiwa. Tumesikia baadhi ya wenye mashine wananung'unika. Wanung'unike, lakini waelewe: Kamati haitapeleka kijijini pendekezo la kufunga mlango wa mto bila hili la mfuko. Yanakwenda pamoja au hayaendi.

Kuhusu pendekezo la pili, lile la mwenye wavu, hatutasema sana. Wote tunajua inavyokuwa. Doria inakuja, nyavu zinachomwa, vijana wanne vibarua wanapelekwa ndani, na tajiri aliyezinunua amekaa kivulini anakunywa chai. Wiki ya pili ana nyavu nyingine na vijana wengine. Kila wavu uandikwe namba ya mwenyewe, na namba iwe katika daftari la mwalo. Wanachama wengine wanasema ni usumbufu. Ndiyo, ni usumbufu.

Na huyu mnunuzi. Kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 asivuliwe si jambo jipya, nchi tatu za ziwa hili zilikwisha kukubaliana. Pendekezo letu ni kumgusa na anayenunua. Wakala anamkopesha mvuvi nyavu na petroli, kwa sharti kwamba samaki wote awauzie yeye, kwa bei yake yeye. Mvuvi akileta wadogo, wakala anawachukua kwa bei ya kutupa na kuwapitisha njia za panya. Mvuvi akikataa kuwavua, deni linaita. Katika biashara hiyo anayevunja sheria kwa faida ni mmoja, na ndiye asiyelowa. Mizani ya Ushirika iwe na kijiti cha sentimita 50 kimepigiliwa pembeni, kila mtu aone.

Neno moja kwa wakulima wetu, msidhani mmesahaulika. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ziwa. Bustani za nyanya zimefika majini kabisa, mafunjo yamekatwa, na mvua ikinyesha udongo wote unashuka ghubani. Haiwezekani mvuvi afungiwe mlango wa mto na mkulima aumwagie tope. Kamati ya Kilimo imeombwa kuleta maelezo yake katika mkutano ujao, na safari hii tunaomba iyalete kweli.

Kura itapigwa Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, penye ghala. Mapendekezo matatu yatapigiwa kura moja moja, ila la kwanza na lile la mfuko yatapigiwa pamoja kama tulivyosema. Wanaokwenda visiwani warudi Ijumaa. Akina mama wenye kadi za uanachama wana kura sawa na mtu yeyote, asije mtu akawaambia vingine.

Kabla ya hapo, Alhamisi, kila mwenye nyavu alete kipande kimoja kimoja kipimwe. Jicho hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo moja mpaka fundo la mkabala, wavu ukiwa umelowa. Hakuna atakayenyang'anywa wavu siku hiyo. Tunataka kujua tu ni wangapi wana nyavu za kubadilisha, ili tujue tuagize ngapi na mkopo uwe kiasi gani. Katibu atakuwepo na rula tangu asubuhi mpaka jua lizame.

Kamati ya Uvuvi