Mwalimu wa Kujitolea Akiondoka
(Mazungumzo katika mkutano wa wanachama, Lamu)

Ndugu Mwenyekiti, na ndugu wanachama mliovuka bahari kutoka Faza na Siyu,

Nimeombwa niseme juu ya vijana wa ng'ambo wajao kufundisha hesabu na sayansi kwa kujitolea. Si jambo geni. Waingereza walianza mpango wao wa VSO mwaka 1958. Rais Kennedy wa Marekani akaanzisha Peace Corps mwaka 1961, na Kenya ikaingia katika mpango huo mwaka 1964. Kijana wa Peace Corps huja kwa miaka miwili hivi. Hapati mshahara, hupewa posho ya kula na kulala.

Mimi nilisomeshwa hesabu na mmoja wa wageni wa namna hiyo. Alikuwa mwalimu hodari, sina neno baya juu yake. Lakini mwezi wa kwanza alitupa hesabu ya treni mbili zinazopishana, na darasa zima hakuna aliyepata kuiona treni. Mwenzetu mmoja, mtoto wa nahodha, akamwuliza: "Mwalimu, jahazi letu halipiti Mkanda ila maji yajae. Leo yamejaa saa mbili asubuhi. Kesho tupite saa ngapi?" Mwalimu hakujua. Sisi tulijua: maji huchelewa kila siku kama dakika 50, basi ni saa tatu kasoro dakika kumi. Tangu hapo alitutungia hesabu za bamvua na maji mafu, na hesabu zikaanza kuingia.

Miaka miwili ikaisha, akapanda mashua akaenda zake. Tulikaa muhula mzima bila mwalimu wa hesabu, na mtihani haukutungoja. Yule mtoto wa nahodha alianguka.

Julai 2014, hali ya usalama ilipoharibika, Peace Corps ilisimamisha kazi yake Kenya. Siwalaumu. Kila serikali huwaita watu wake. Lakini darasa halina pa kuitwa.

Kwa hivyo mgeni akija tumpokee, tumtafutie nyumba, tumfundishe Kiswahili. Ila asihesabiwe kuwa ameijaza nafasi. Tume ya Kuajiri Walimu na imwajiri mhitimu wa hapa kwa mshahara kamili, akae naye darasani tangu siku ya kwanza. Wahitimu tunao, wengine wamo humu ukumbini, hawana kazi.

Mwenyekiti, naomba jambo hili liandikwe katika kumbukumbu, na barua ipelekwe kabla ya muhula kuanza.