Mutoto na Jina Lake
Maneno yaliyosemwa mbele ya mukutano wa Yubile, Kilwa



Nimepewa muda mufupi kusudi niseme juu ya watoto wetu katika inchi iliyopigwa na vita. Siku ya yubile tunahesabu miaka, ndoa zilizobarikiwa, nyumba za masomo zilizojengwa. Ninaomba tuhesabu watoto pia: wale walio pamoja nasi hapa, na wale tusiojua wako wapi.

Sisi wa kando ya ziwa la Moero tunajua vita. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2000 Pweto ilianguka, na maelfu ya watu wakavuka mupaka kwenda Zambia. Wengi walikaa katika kambi za Mwange na Kala, na safari za kurudi zikaanza mwaka 2007. Katikati ya miaka ile, mwezi wa kumi mwaka 2004, kikundi kidogo cha waasi kiliingia hapa Kilwa. Askari wa Leta wakaja kuurudisha muji, na watu zaidi ya 70 wakauawa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2017, ilisema wazi kwamba Leta ilivunja haki za watu waliopatwa na mambo yale. Mwaka ule ule wa 2017 jamaa nyingi zilikimbia tena toka Pweto na Moba, hata Zambia ikafungua makao mapya Mantapala, upande wa Nchelenge, ngambo ya ziwa letu.

Katika kila mukimbio liko ulizo moja: mutoto huyu ni nani, naye ana miaka mingapi? Muzazi akiwa hai atajibu. Lakini akifa, ao akipotea usiku wakati mitumbwi inapoondoka, nani atajibu? Na mukubwa wa kikundi cha silaha akisema kwamba kijana huyu amekwisha kutimiza miaka 18, karatasi gani itamukatalia?

Sheria iko. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inasema kwamba asiyetimiza miaka 18 ni mutoto. Mwenye kumuingiza katika jeshi, polisi ao kikundi cha silaha anaweza kufungwa miaka 10 mpaka 20. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilimuhukumu Thomas Lubanga wa Ituri miaka 14, kwa sababu watoto chini ya miaka 15 waliandikishwa na kutumiwa vitani. Katika neno lile walibishana sana juu ya umri. Waamuzi walilazimika kutazama picha za video kusudi waone kama wenye kushika bunduki walikuwa watoto wadogo. Ndiyo taabu ya mutoto asiye na karatasi: hata mwenye kutaka kumutetea anakosa kitu cha kushika mukononi.

Basi, mambo matatu.

La kwanza: mutoto aandikishwe kwa Leta katika siku 90 tangu kuzaliwa. Wengi wanafikiri ubatizo unatosha. Kitabu cha batizo ni mali kubwa ya parokia, lakini hakishiki nafasi ya karatasi ya Leta. Wakatekista, munapoandika majina ya ubatizo, ulizeni wazazi juu ya karatasi ile, bila kumufungia mutoto mulango.

La pili: masomo. Katiba ya mwaka 2006 inasema masomo ya musingi ni ya bure, na kazi ile ilianza kweli mwaka 2019. Wazazi, tusimupeleke mutoto kwenye wavu ao kwenye shimo la madini saa ya masomo. Shuleni mwalimu anaita jina lake kila asubui. Asipoitika, yuko mutu mumoja anayejua kwamba amekosekana.

La tatu: tumupokee anayerudi. Nilifundisha kijana aliyetoka porini. Nilipomuuliza jina, alinipa lile alilopewa na wenye silaha. Wenzake walimuita Mai-Mai, wakaondoka kwenye benchi lake. Zilipita juma nyingi mbele ya kunijulisha jina ambalo mama yake alimuitia. Siku ile nilifahamu kwamba alikuwa amefika nyumbani. Na musichana anayerudi na mutoto mugongoni, tusimuhesabie kosa alilotendewa. Yeye arudi masomoni, na mutoto wake aandikwe kama wengine.

Ndugu zangu, katika yubile ya Waisraeli mutumwa alirudi kwa jamaa yake, na shamba likarudi kwa wenyewe. Yubile yetu itakuwa ya kweli ikiwa nasi tunarudisha kitu. Leo jioni, nyumbani, kila muzazi ahesabu watoto walio chini ya paa lake, hata wa ndugu, hata yatima wa vita, na aulize: nani kati yao hajaandikwa? Juma inayokuja aende naye kwa Leta. Anayeshindwa na safari, amwambie katekista wake, nasi tutatafuta namna ya kumusindikiza.

Mungu anamujua kila mutoto kwa jina. Nasi tufanye bidii ya kumujua vile.