Breki Kwanza, Stika Baadaye

Ndugu zetu wa kisomo, leo tuzungumze juu ya ukaguzi wa magari. Kila mwaka Polisi wa Usalama Barabarani hukagua magari. Gari likiwa zima, hubandikwa stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo cha mbele. Tusingoje siku hiyo ndipo tuhangaike. Tuanze mapema.

Kwanza, breki. Gari linalotoka Amani kwenda Muheza huteremka mlima wenye kona kali. Breki zikigoma, hapana pa kukimbilia. Tukikanyaga pedeli ikazama, twende kwa fundi siku hiyo hiyo.

Pili, tairi. Tairi kipara haishiki barabara yenye tope.

Tatu, taa. Mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma atazame kama taa zinawaka. Kisha indiketa na honi.

Nne, kutu. Sisi wa Pangani na Mkinga tuna hewa ya chumvi, nayo hula bati. Tuoshe gari kwa maji matamu, mpaka chini yake.

Wako wanaoazima tairi nzuri, wakishapata stika wanazirudisha. Je, wamemdanganya nani? Polisi hapandi gari hilo. Wanaopanda ni mama zetu na watoto wetu.

Nasi abiria, kusoma tunajua. Tusome mwaka ulioandikwa kwenye stika. Halafu tutazame na tairi. Tukiona kipara, tumwambie dereva, na tusipande. Stika haisimamishi gari, ndugu zetu. Kinachosimamisha gari ni breki.